Ile ya Saa Moja na Ile ya Saa Tatu

Watu wakiniuliza mdogo wangu Mutie anafanya kazi gani, zamani nilikuwa najibu "ako kwa TV," na najibu kwa sauti hata meza ya mwisho isikie. Hiyo ilikuwa kabla ya Januari mwaka jana. Siku hizi nasema anapiga picha, halafu namuuliza mteja kama ataongeza chapati.

Msidhani namchukia. Sisi ni wa Matinyani, na mama yetu alipofariki mimi nilikuwa darasa la saba, Mutie bado hajui kufunga vifungo vya shati. Nimempangusa kamasi huyo, nimemchapa, nimemkimbiza shule fimbo ikiwa mkononi. Mpaka leo, na ndevu zake zote, ananiita mwaitu, yaani mama yangu, haniiti Nzisa. Kwa hivyo nikimsema namsema kama mwenye mali, na asiyetaka kusikia ahame meza.

Alianza na harusi. Kikima, Kasikeu, popote palipokuwa na hema na keki, Mutie alikuwa hapo na kamera ya kuazima. Na alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu sana. Bibi harusi akitoka kwao bila mtu kulia, Mutie anasimamisha kila kitu, hata kwaya inanyamaza. "Hebu rudini ndani mtoke tena. Na wewe mama, lia kidogo, si huyu ni mtoto wako anaenda?" Na mama analia! Analia kweli, machozi yanashuka, na mwaka ukiisha ukimuuliza atakuapia kwamba alianza kulia mwenyewe, bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nacheka hadi nashika mbavu. Sikuona ubaya wowote.

Kutoka harusi akaingia habari. Kuna nyumba moja ya habari huko Nairobi, jina nitaliacha, yenye madawati matatu: la Kikamba, la Kiswahili na la Kizungu. Mutie hakuajiriwa. Alikuwa mwandishi wa mashinani, maana yake habari ikitoka umelipwa, isipotoka umechoma mafuta ya pikipiki bure. Picha anapiga mara moja, lakini kila dawati linataka maneno yake. Akaja kukaa na mimi hapa soko la Kwa Ndululu, mashariki ya Kitui nilikoolewa, kwa sababu hoteli yangu ina stima na mtandao unashika vizuri kwenye meza ya dirishani. Hapo ndipo palikuwa ofisi yake. Chai yangu anakunywa, bando yangu anamaliza, halafu ananifundisha kazi.

"Mwaitu, ile ya Kikamba ya saa moja ni ya mama ameketi jikoni," akaniambia siku moja. "Huyo anataka kujua kitu kimoja tu: hii shida inakuja kwangu ama haiji? Ya Kiswahili ni ya kila mtu, hiyo unaeleza yote, nani alisema nini. Ya Kizungu ya saa tatu ni ya watu wa ofisi. Hao hawataki kuogopa usiku, wanataka kuelewa."

"Na ukweli uko wapi hapo?"

"Zote ni kweli. Si picha ni zile zile?"

Nikamwambia kama ningekuwa napikia meza tatu ugali wa aina tatu kutoka sufuria moja, wateja wangenifunga. Akacheka. Mutie akicheka ni vigumu kumkasirikia, na hilo pia ni kosa langu, maana nilimzoesha.

Sasa, ukitoka hoteli yangu, mlango wa kwanza mkono wa kulia ulikuwa duka la Muktar na mke wake Mumina. Sukari, mchele, mitungi, kandambili, turubai, betri, kila kitu. Walikuja Kwa Ndululu wakiwa wametoka tu kuoana na wakakaa miaka kumi na miwili. Muktar alikuwa anaongea Kikamba safi kuliko watoto wangu, ambao nikiwasemesha Kikamba wananijibu Sheng bila aibu. Binti yao Filsan na binti yangu Mbula walikaa dawati moja shuleni. Mimi nilikuwa Mama Mbula kwake, yeye Mama Filsan kwangu, na kila Idi sahani ya pilau ilinifikia kabla sijauliza.

Mumina alikuwa na kaka, mama mmoja baba mmoja, jina lake Adow. Huyo ndiye alikuwa na ngamia. Kwao wafugaji kukikauka kabisa huwa wanashuka huku kutafuta majani, na Januari hiyo walishuka wengi. Adow alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mrefu, mpole mpaka unamwonea huruma. Akija kuchukua sukari dukani alikuwa anapitia kwangu chai, na hakukubali kuingia ndani kwa sababu, alisema, nguo zake zinanuka ngamia. Alikunywa akiwa amesimama nje, anarudisha kikombe mwenyewe, anasema "asante, dada." Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Kikamba hakujua hata neno.

Jumatatu usiku ngamia wake wakavunja ua wa shamba la Mulwa, mwendo wa nusu saa kutoka sokoni, wakala ndengu. Na ndengu zilikuwa zimefunga maganda, zimebaki wiki mbili zivunwe. Alfajiri Kasyoka, mke wa Mulwa, akatoka nje na kuona ngamia kumi na moja wamesimama katikati ya chakula cha watoto wake. Akapiga nduru.

Huku kwetu nduru haipigwi ovyo. Mwanamke akipiga, kila anayesikia anaacha jembe, anashika kilicho karibu na mkono, anakimbia. Maswali ni ukifika. Basi asubuhi hiyo ya Jumanne wanaume walifika na mapanga, na wengine na pinde na mishale, na ungeshangaa kwamba hakuna damu iliyomwagika. Adow alikuja mwenyewe, peke yake, mikono mitupu. Akasimama katikati ya shamba, akasema, "Ngamia ni yangu. Makosa ni yangu." Muktar akaitwa kutafsiri, naibu wa chifu akaja na kofia yake, wakaongea. Saa nne haijafika Kasyoka alikuwa anawamiminia chai.

Walikubaliana hivi. Ngamia wavuke ng'ambo ya mto wetu mkavu siku hiyo hiyo, na walivuka. Mulwa apewe mbuzi wawili. Na kesho yake, Jumatano asubuhi, Adow arudi na watu wawili na matawi ya miiba, azibe ule ua yeye mwenyewe. Hilo la ua lilitoka kwa Adow, hakuna aliyemlazimisha. Alisema mnyama wake ndiye aliyevunja, kwa hivyo mkono wake ndio utajenga.

Mutie alifika saa sita na pikipiki yake, akakuta watu wanashiba. Ai, alikasirika! Akapiga picha za chai, za Mulwa na Adow wakishikana mikono, akazituma. Dawati la Kikamba likapiga simu papo hapo. Haya aliniambia mwenyewe baadaye, paji la uso likiwa juu ya meza.

"Mutie, hawa ni watu wanakunywa chai. Hiyo nduru tumeambiwa iko wapi?"

"Imeisha."

"Tafuta."

Basi mdogo wangu akafanya alichokuwa anafanya Kikima na Kasikeu. Akamwendea Kasyoka. "Mama, hebu tuonyeshe vile ulipiga asubuhi." Kasyoka akaona haya, akacheka, akajifunga leso upya. Mulwa kwanza akawapigia simu jirani wa ng'ambo ya kilima kuwaambia wasikimbie, hii ni ya TV. Wanaume wakaambiwa wainue pinde. Na Adow, ambaye alikuwa bado na kikombe mkononi, akaambiwa, "Mzee, toka hapo kidogo usionekane." Akatoka. Mutie aliniambia Adow naye alikuwa anacheka. Halafu Kasyoka akafungua mdomo na kupiga nduru, na Mutie anasema hata yeye nywele zilimsimama.

Saa tisa alikuwa kwangu mezani, anaandika. Nilipita nyuma yake na birika nikasoma. Ile ya Kiswahili ilikuwa ndefu, na chai ilikuwemo, mbuzi, ua, jina la Adow, kila kitu. Ile ya Kizungu ilisema wazee wamepatanisha pande mbili na hali imetulia. Ya Kikamba alipewa sekunde arobaini, na nduru peke yake ilikula kumi. Alikuwa ameandika kwamba wafugaji watarudi kesho kuziba ua. Nikamwona anahesabu kwa vidole, anafuta, anahesabu tena. Ikabaki "wafugaji wanatarajiwa kurudi kesho."

"Mutie, umeondoa ua."

"Haingii, mwaitu. Na si ni kweli, watarudi?"

Nikaenda kuangalia maharagwe.

Saa moja jioni hoteli yangu hujaa. Watu wananunua chai moja wanakaa nayo mpaka taarifa iishe, na mimi siwafukuzi, kelele zao ndizo zinaleta wengine. Siku hiyo walipoona ni shamba la Mulwa kwenye TV wakapiga makofi. Mbaluka wa bucha akasema, "Nzisa, pandisha sauti, ni kwetu!" Nikapandisha.

Ikaanza na nduru. Uso wa Kasyoka umejaa kioo chote, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama. Halafu pinde angani. Halafu ngamia wengi wakitembea, na hao hawakuwa wa Adow, ilikuwa picha ya zamani ya mahali pengine, hata miti haikuwa ya kwetu. Mtangazaji akasema wakaazi wanaishi kwa hofu. Akasema ndengu zimeliwa. Akasema wafugaji wanatarajiwa kurudi kesho. Wakaingia kwenye matangazo ya sabuni.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilisimama na kitambaa cha meza mkononi. Mbaluka akauliza, "Kesho?" Na watu hawa, sikilizeni, wengi hawakuwa shambani asubuhi. Walisikia nusu, au walisikia tu kwamba kulikuwa na fujo. Mmoja akatoa simu akampigia ndugu yake. Mwingine akasimama akaacha chai nusu kikombe, na huku kwetu mtu haachi chai. Nikasema, "Jamani, si waliongea wakamaliza?" Mbaluka akaniangalia kama mtoto. "Mama Mbula, umesikia wewe mwenyewe. Wanarudi." Katika robo saa hoteli ikabaki na viti.

Muktar hakuiona hiyo. Kila jioni baada ya swala ya Magharibi hubaki msikitini mpaka Isha. Mumina naye saa hiyo yuko jikoni, na TV yao huwashwa Muktar akirudi.

Ile ya Kiswahili haikutoka kabisa. Wanasiasa wakubwa walikuwa wametupiana maneno Nairobi siku hiyo na ikabidi taarifa nzima iwe yao. Yaani ile moja iliyokuwa na kila kitu ndani ndiyo iliyotupwa.

Saa tatu ikatoka ya Kizungu. Nilikuwa nimebaki na Muthama, mwalimu wa shule ya msingi, na mwenzake. Hapo sasa mambo yalikuwa mazuri! Chai, mikono inashikana, Kasyoka anatabasamu, jua linazama nyuma ya ngamia, hiyo nayo picha ya zamani, mtaalamu mmoja mwenye miwani anaeleza mabadiliko ya hali ya hewa. Nduru hamna. Upinde hata mmoja hamna. Mwalimu Muthama akakuna kichwa. "Hii ni ile ile ya saa moja?" akauliza. Nikamwambia ni ile ile. Akasema haki ya Mungu angedhani ni nchi nyingine.

Mutie aliingia akiruka. "Mwaitu, zimetoka mbili! Siku moja!"

"Wale wameona ya kwanza hawakubaki kuona ya pili."

"Kila mtu ana yake," akasema, akaenda kulala. Mimi sikulala vizuri. Nilisikia pikipiki zikipita barabarani kuelekea upande wa kwa Mulwa, moja, halafu nyingine, halafu mbili pamoja.

Sasa nifike pale sitaki kufika.

Jumatano saa moja asubuhi nilikuwa jikoni ya nje nageuza chapati, Muktar akatoka kufungua duka. Akanisalimia kwa Kikamba kama kawaida. Uso wake ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Akasema, "Mama Mbula, mwambie Mutie asante sana. Niliona habari jana saa tatu, ameieleza vizuri, hata mimi nimeshukuru Mungu. Nilimpigia Adow nikamwambia kumetulia kabisa. Saa hii ako njiani kwenda kwa Mulwa."

Nilijua alichokiona. Na nilijua ambacho hakuona. Maneno yalikuwa yamefika hapa kooni, haki, yalikuwa hapa. Lakini nikafikiria, nikisema ile ya saa moja ilikuwa mbaya, nasema ni ndugu yangu aliyeiandika vibaya, na nilimwona akifuta. Nikafikiria pia labda Muktar ameshaambiwa, mtu kama yeye hakosi mtu wa kumwambia. Nikafikiria chapati. Nikasema, "Sawa, nitamwambia."

Hayo ndiyo nilisema. Akafungua kufuli akaingia dukani.

Kasyoka mwenyewe alinieleza usiku wake ulivyokuwa. Simu yake ililia mpaka ikazima. Watu wa Kitui, watu wa Makueni, dada yake wa Nairobi analia kwa simu, "Nimekuona! Toka hapo ulale kwa mtu, wanarudi kesho!" Alijaribu kuwaambia waliongea, walikunywa chai, kila mtu akamwambia usidanganyike. Vijana na wazee wa ng'ambo ya kilima wakaja wakalala karibu na boma lake kumlinda. Mulwa akawaambia hakuna haja, wakasema wao wapo tu. "Mama Mbula," Kasyoka akaniambia, "mimi nilijua ile nduru ni ya kuigiza. Lakini nilipojiona kwa TV, nilijiogopea."

Asubuhi Mulwa akaja sokoni kununua misumari ya lango. Alikuwa amekaa kwangu, uji mbele yake, wakati Adow na watu wake wawili walipofika shambani. Walipitia ule upande uliovunjika, kwa sababu hapo ndipo penye kazi. Jua lilikuwa nyuma yao. Walikuwa wamejifunga vitambaa usoni kwa sababu ya vumbi, wanaburuta matawi ya miiba, na kila mmoja na panga la kukatia. Kasyoka alikuwa anatoa maji kwenye tangi. Akainua kichwa akaona wanaume watatu wasio na sura, na mapanga, wanaingia shambani mwake.

Nduru hiyo ilipokewa boma hadi boma mpaka tukaisikia sokoni. Mulwa aliangusha kikombe. Akasema "Woi, Adow!" akatoka mbio, na mimi nyuma yake na apuroni yangu, na Muktar nyuma yangu akiwa ameacha duka wazi. Nusu saa ya mwendo. Tulikimbia, lakini ni nusu saa.

Wale wa ng'ambo ya kilima hawakuhitaji kukimbia mbali. Kasyoka anasema alimtambua Adow alipoteremsha kitambaa, akaanza kukimbia kuelekea kwake akipunga leso, akipiga kelele, "Ni wa ua! Ni wa ua!" Waliomwona walidhani anakimbia kujiokoa. Wale watu wawili wa Adow walitoroka. Adow hakutoroka. Aliweka panga chini, akasimama katikati ya shamba, akafungua mikono, vile vile alivyofanya Jumanne, maana Jumanne ilikuwa imefaa. Sijui nani alipiga mshale. Mpaka leo polisi wanauliza na hakuna anayejua.

Tulipofika Kasyoka alikuwa amekaa chini amemshika Adow kichwa. Mulwa akawaambia wale wanaume, "Huyu alikuwa mgeni wangu. Nyinyi mmeua mgeni wangu." Mbaluka alikuwepo. Alikuwa anaangalia matawi ya miiba, yamefungwa vizuri kwa kamba, tayari kuwekwa.

Halafu nikasikia pikipiki. Nitasema kweli yote sasa: Mutie alipiga picha. Alilia na akapiga picha, na mimi nilimzaba kofi mbele ya watu, mwanamume wa miaka thelathini na nne, na baada ya kofi akaendelea kupiga. Adow alizikwa jioni hiyo hiyo kama dini yao inavyotaka.

Mutie akaandika zile tatu tena kwenye meza ya dirishani. Safari hii aliandika jina la Adow kwenye zote, na ua, na makubaliano, na akasema wazi kosa lilianzia wapi. Saa moja Kikamba wakasema mfugaji mmoja ameuawa baada ya kundi kurudi shambani kama ilivyohofiwa. Ya Kiswahili safari hii ilitoka, tena ya kwanza kabisa, dakika mbili, na mbunge mmoja akakemea. Saa tatu Kizungu wakasema mtu mmoja amefariki katika mapigano mapya ya kugombania malisho. Nilikaa nikangoja jina. Halikutajwa popote.

Kesho yake simu yake ikalia akiwa kwangu. Ilikuwa karibu na mimi, nikasikia sauti ya mwanamke wa dawati, mwenye haraka, si mbaya. "Mutie, kazi safi. Wale wengine wanasemaje? Kuna dalili ya kulipiza?"

Nilimwangalia ndugu yangu. Nilikuwa namwombea aseme hakuna, watu wanaomboleza, muwaache.

"Bado," akasema.

Bado! Nilimwambia atoe kompyuta yake kwangu, na akatoa. Siku hizi amepanga chumba upande wa Makueni na namwona kwa TV, jina lake linaandikwa chini sasa. Ngamia wengine wamekuja karibu na mto, wengi kuliko mwaka jana, na wanaowachunga hawashuki sokoni kununua sukari. Watu wa ng'ambo ya kilima wanalala kwa zamu. Kila saa moja jioni hoteli yangu inajaa na hakuna anayecheka mpaka taarifa iishe.

Muktar na Mumina walipakia duka kwenye lori siku ya nne baada ya mazishi. Hakuna aliyewafukuza. Watu waliacha tu kuingia. Filsan alikuwa ameketi mbele karibu na dereva, na Mbula wangu amesimama barabarani anamwangalia, hakuna anayempungia mwenzake mkono. Mumina akaja kwangu kupitia mlango wa jikoni, kama alivyokuja miaka yote kuazima chumvi. Nikafuta kigoda. Hakukaa.

"Mama Mbula, nakuuliza kitu kimoja. Ile ya saa moja, wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Na asubuhi Muktar akakuambia Adow ako njiani."

"Aliniambia."

Nilitaka kumweleza yote, habari ya Mutie, nilivyofikiria labda wanajua. Mdomo ukafunguka ukatoa upuzi. "Nilikuwa na kazi nyingi asubuhi hiyo, Mama Filsan."

Akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza bei. Hakukasirika, na ningefurahi kama angenitukana.

"Adow alikuwa na simu," akasema. "Walipomvua nguo kumwosha waliikuta mfukoni. Ilikuwa bado na chaji."